Mtoto wa Jicho: Ataona Tena, Lakini Ataonaje?

Familia inapompeleka bibi au babu kliniki ya macho na kuambiwa ana mtoto wa jicho, swali la kwanza huwa moja: akipasuliwa, ataona? Ni swali la haki, na jibu lake mara nyingi ni ndiyo. Lakini lipo swali la pili ambalo wachache huliuliza, nalo ndilo litakaloamua siku zake zitakwendaje baada ya bendeji kutolewa: ataona mbali, au ataona karibu? Upasuaji wa siku hizi hauishii kuondoa ukungu. Daktari huweka ndani ya jicho lenzi mpya ya plastiki, na lenzi hiyo ina namba, kama miwani ilivyo na namba. Ikichaguliwa kwa kupima, mtu ambaye tangu ujana wake haoni mbali anaweza kukaa barazani na kumtambua anayepita njiani bila miwani. Ikichaguliwa kwa kukisia, ukungu utaondoka na bado ataendelea kukunja uso ili aone. Kwa hiyo familia ina haki ya kuuliza habari za namba hiyo kabla ya siku ya upasuaji, na nathubutu kusema ni wajibu wake pia.

Ili kuelewa kwa nini namba ina uzito, tutazame jicho lenyewe. Mwanga ukiingia hupindwa mara mbili ili picha itue sawasawa kwenye retina, ule utando wa nyuma unaoipokea. Kazi kubwa, kama theluthi mbili, hufanywa na konea, kile kioo cha mbele kinachong'aa. Inayobaki hufanywa na lenzi, iliyojificha nyuma ya mboni, yenye ukubwa wa takriban punje ya hindi. Ujanani lenzi huwa safi kama maji. Miaka ikisonga, protini zake hupoteza mpangilio, nayo hugeuka njano, kisha kahawia au nyeupe kabisa. Kisukari, jeraha la jicho, sigara na matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi huharakisha jambo hilo. Hakuna tone la dawa, asali wala mizizi inayoweza kuisafisha tena. Dawa yake ni kuitoa. Na ukiitoa, umeondoa pia theluthi moja ya nguvu ya jicho kupinda mwanga, na pengo hilo lazima lizibwe na kitu.

Zamani pengo hilo lilizibwa na miwani minene kama kitako cha chupa, yenye nguvu ya dayopta 10 hivi au zaidi (dayopta ndicho kipimo cha nguvu ya lenzi). Vitu vilionekana vikubwa kuliko vilivyo, ngazi zilionekana kukaa mahali pasipo pake, na siku miwani ikivunjika mtu alirudi kwenye upofu. Mabadiliko yalianza tarehe 29 Novemba 1949 katika Hospitali ya St Thomas' jijini London, pale daktari Harold Ridley alipoweka lenzi ya kwanza ya plastiki ndani ya jicho la mgonjwa. Alikuwa amegundua kwamba vipande vya plastiki ya vioo vya ndege za kivita, vilivyowaingia marubani machoni wakati wa vita, vilikaa humo bila kuleta uvimbe. Jicho la mgonjwa wake liliipokea lenzi. Ila nguvu ya lenzi ilikuwa imezidi mno, na mgonjwa akabaki na tatizo kubwa la kutoona mbali. Napenda kulirudia tukio hili kwa sababu hoja yote imo ndani yake: mkono wa daktari haukukosea, kilichokosewa ni hesabu.

Hesabu hiyo leo hufanywa kabla mgonjwa hajaingia chumba cha upasuaji, nayo haichukui muda. Mgonjwa huketi mbele ya mashine, kidevu juu ya kishikizo, akiangalia taa ndogo bila kupepesa. Mashine moja husoma jinsi konea ilivyopinda. Nyingine hupima urefu wa jicho kutoka mbele hadi nyuma, kwa mwanga au kwa mawimbi ya sauti. Jicho la mtu mzima huwa na urefu wa milimita 23 au 24 hivi, na kukosea milimita 1 tu kunaweza kupotosha namba ya lenzi kwa karibu dayopta 3, kiasi cha kutosha kumfanya mtu asiitambue sura ya mwanawe upande wa pili wa chumba. Pale wanapotumia kifaa kinachogusa jicho, mpimaji akikikandamiza kidogo tu, konea hubonyea, jicho husomeka fupi kuliko lilivyo, na lenzi itakayochaguliwa itakuwa kali kupita kiasi. Ndiyo maana mpimaji mzuri hurudia kipimo mara kadhaa na kulinganisha macho mawili. Mzee akiambiwa atulie, apimwe tena, asione anasumbuliwa, na msindikizaji asianze kulalamikia foleni.

Wapo watakaosema haya ni anasa. Nchi zetu bado zina maelfu ya watu vipofu kwa mtoto wa jicho, madaktari bingwa wa macho ni wachache, na kambi moja ya upasuaji inaweza kuhudumia makumi ya watu kwa siku. Si bora kila mmoja apate lenzi ya namba ya kawaida, wengi waone, kuliko wachache waone vizuri? Hoja hii ina uzito, na wakati fulani ilikuwa sahihi, kwa kuwa lenzi zenyewe zilikuwa adimu na kila moja iligharimu zaidi ya dola 100. Lakini tangu miaka ya 1990 viwanda vya Madurai nchini India, Kathmandu nchini Nepal na Asmara nchini Eritrea vilianza kuzitengeneza, na bei ikashuka hadi dola chache. Kikwazo si lenzi tena. Aliyewekewa namba isiyo yake amekwisha kulala kitandani, amekwisha kuchanjwa jicho, gharama kubwa imekwisha kulipwa, halafu faida inapotea kwa kukosa kipimo cha dakika chache. Shirika la Afya Duniani nalo limeacha kuhesabu vichwa peke yake. Malengo yaliyopitishwa mwaka 2021 kwa ajili ya 2030 yanahesabu waliofanyiwa upasuaji na kupata uoni mzuri, yaani angalau 6/12: mtu asome akiwa mita 6 kile ambacho jicho zima husoma likiwa mita 12, kwa macho anayoyatumia kila siku, pamoja na miwani yake kama anayo.

Pingamizi jingine hutoka nyumbani, na huwa linasemwa kwa upole: mzee amekula chumvi nyingi, akiuona mlango wa choo inatosha. Haitoshi. Utafiti uliofanyika Kenya, Bangladesh na Ufilipino uliwafuatilia watu wenye mtoto wa jicho kabla ya upasuaji na mwaka mmoja baadaye. Waliopasuliwa walitumia muda zaidi katika kazi za uzalishaji, na matumizi ya kaya zao yaliongezeka. Bibi anayeona huchambua mchele, huangalia wajukuu, husoma mwenyewe ujumbe wa pesa zilizoingia kwenye simu yake badala ya kumpa mtu mwingine namba ya siri. Hapo ndipo swali la mbali au karibu linapokuwa la kweli.

Lenzi inayotumika zaidi ni ya umbali mmoja. Haijikunji wala kujikunjua kama lenzi changa ya asili, kwa hiyo daktari lazima achague: imwezeshe mgonjwa kuona mbali, kisha asome kwa miwani, au imwezeshe kuona karibu, kisha avae miwani anapotembea. Mara nyingi huchaguliwa mbali, na kwa wengi ni uamuzi mzuri. Lakini mfikirie fundi cherehani ambaye maisha yake yote haoni mbali, na anapotaka kutunga uzi kwenye sindano huvua miwani na kuisogeza sindano karibu na uso. Akirekebishwa aone mbali bila kuulizwa, atauona mnara wa msikiti kwa furaha kubwa, kisha ashangae kwamba tundu la sindano limepotea. Vivyo hivyo kwa msusi wa mikeka na kwa mzee aliyezoea kusoma msahafu wake bila miwani. Daktari hawezi kuyajua haya kwa kutazama jicho. Lazima aambiwe. Wengine hukubaliana naye jicho moja lipangiwe mbali na la pili karibu. Wengi huuzoea mpangilio huo, ingawa si wote. Na mwenye konea iliyopinda kama yai badala ya kuwa mviringo kama chungwa anaweza kupewa lenzi maalumu inayosawazisha mpindo huo, kama hospitali inayo.

Kuna pia lenzi za umbali zaidi ya mmoja, ghali zaidi, ambazo baadhi ya kliniki huzinadi kwa ahadi ya kuaga miwani. Zinafanya kazi, na wengi waliowekewa hawavai miwani. Ila hugawa mwanga, kwa hiyo picha hupoteza ukali kidogo, na usiku taa za magari huweza kuonekana zimezungukwa na duara. Dereva wa safari za usiku afikirie mara mbili. Mwenye presha ya macho iliyokwisha kuharibu mshipa wa fahamu wa jicho, au retina iliyoumizwa na kisukari, kwa kawaida hazimfai. Kwangu mimi, kaya yenye fedha ya kuhesabu haijapunjwa ikipata lenzi ya umbali mmoja iliyopimwa vizuri, pamoja na miwani ya kusomea. Mgonjwa akipewa miwani hiyo wiki chache baadaye, asiambiwe na majirani kwamba upasuaji umeshindwa.

Ushauri wa zamani wa kungoja mtoto wa jicho "aive" umepitwa na wakati. Ulifaa enzi za upasuaji wa kale. Leo wakati wa kupasuliwa ni pale ukungu unapoanza kuzuia kazi za mtu, na akicheleweshwa sana lenzi huweza kuvimba au kuvuja na kupandisha presha ya jicho kwa maumivu makali. Hatari za upasuaji nazo zisifichwe. Maambukizi ndani ya jicho hutokea kwa nadra, lakini yanaweza kulipofusha. Maumivu yakizidi, jicho likiwa jekundu au uoni ukishuka katika siku za mwanzo, mgonjwa arudishwe hospitali siku hiyohiyo, usiku kama ni usiku. Ukungu unaoweza kuja miezi au miaka baadaye si mtoto wa jicho aliyeota upya. Ni utando nyuma ya lenzi, nao hufunguliwa kwa miale ya leza kwa dakika chache, bila kisu. Lenzi yenyewe haiozi wala haihitaji kubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa.

Kila lenzi hutoka kiwandani na vibandiko vyenye namba yake, na kimoja hubandikwa kwenye faili au kadi ya mgonjwa. Ombeni nakala yake iwepo nyumbani, ikae pamoja na kadi ya kliniki na matokeo ya vipimo. Zamu ya jicho la pili itakapofika, daktari atataka kujua la kwanza liliwekewa nguvu gani na linaona kiasi gani, ili kama hesabu iliteleza kidogo, airekebishe.