Somo la 18: Sabuni ya majivu

Watoto, kila asubuhi mama anafagia majivu mekoni na kuyatupa nyuma ya nyumba. Kila juma anatoa feza kununua sabuni. Leo tutaona namna majivu na sabuni vinavyofahamiana, na namna feza kidogo inavyoweza kukaa nyumbani mahali pa kukimbia dukani.

1. Mjane wa Uvira

Katika mji wa Uvira, kando ya ziwa Tanganika, alikaa mama mmoja mjane. Alikuwa na watoto wanne, tena alimlea mama yake mzee. Kazi yake ilikuwa kuuza ndagala sokoni. Feza ya ndagala ilinunua unga wa muhogo, mafuta ya mawese, chumvi na makala. Mara nyingi feza ilikwisha mbele ya kufika kwenye sabuni. Basi watoto walinawa kwa maji matupu.

Siku moja kipindupindu kiliingia katika mtaa wao. Ugonjwa huu hurudi mara kwa mara katika miji ya kando ya ziwa, kama Uvira na Kalemie. Mtoto mdogo wa yule mama akaanza kuhara maji na kutapika. Macho yake yakaingia ndani. Mama akambeba upesi mpaka hospitali. Waganga wakamnywesha maji yaliyotiwa chumvi na sukari kwa kipimo, wakamtia na maji mengine kwa sindano. Kisha siku tatu akapona.

Siku ya kurudi nyumbani, mwuguzi alimwambia mama: « Msinywe maji ya ziwa bila kuyachemsha au kuyatia dawa. Na mikono oshe kwa sabuni kila mtu, mbele ya kula na nyuma ya kutoka chooni. »

Mama akajibu: « Nimesikia. Lakini feza ya sabuni itoke wapi? »

Usiku ule tate alisema: « Binti yangu, sisi katika ujana wetu tulipika sabuni yetu wenyewe. Tulikuwa na mafuta, tulikuwa na majivu. Hata sasa vyote viwili viko. »

Mtoto wa kwanza, kijana wa darasa la sita, hakufurahi. Akasema: « Tate, wenzangu watanicheka. Sabuni ya majivu haina harufu nzuri kama ya dukani. »

Tate akamtazama, akamwuliza: « Mjukuu wangu, ndugu yako alipolala kule hospitali, uliuliza harufu ya sabuni? »

Kijana akanyamaza. Kesho yake yeye ndiye aliyekusanya majivu.

2. Sabuni ni nini?

Mafuta na maji hayapatani. Mwaga mafuta katika maji: yataelea juu. Kwa sababu hiyo maji matupu hayaondoi mafuta ya mikono wala uchafu ulioshikamana nayo.

Majivu yana chumvi yake, siyo ile ya kula. Maji yakipita katika majivu, hubeba chumvi ile na kuwa makali. Maji haya makali yakipikwa pamoja na mafuta, vyote viwili hugeuka kitu kipya: sabuni. Sabuni ni kama mtu mwenye mikono miwili. Mkono mmoja unashika mafuta, mkono mwingine unashika maji. Kwa hiyo maji yakimwagwa yanakwenda pamoja na uchafu.

Majivu yote hayalingani nguvu. Yaliyo mazuri ni majivu ya maganda ya ndizi yaliyokaushwa, ya vikonyo vya ngazi vilivyobaki baada ya kutoa mbegu, na ya kuni ngumu. Majivu ya karatasi au ya takataka hayafai.

Ujuzi wa mafuta ya ngazi ni wa zamani katika nchi yetu. Mwaka wa 1911 kampuni ya Mwingereza William Lever, mwenye viwanda vya sabuni, ilipewa na Serikali ya Wabelgiji ruhusa ya kukusanya ngazi katika sehemu kubwa za Kongo. Mji wake mmoja kando ya mto Kwilu uliitwa Leverville. Leo unaitwa Lusanga. Wakongo wengi walilazimishwa kupanda miti na kukata ngazi kwa malipo kidogo, na mafuta yao yalisafirishwa mpaka Ulaya kuwa sabuni. Fikirini jambo hili: aliyekata ngazi hakupata faida sawa na aliyejua kuigeuza.

3. Namna ya kupika

Kazi hii ni ya watu wakubwa. Watoto wanasaidia kukusanya majivu na kuchota maji, lakini hawashiki maji makali. Maji haya yanachoma ngozi, na yakiingia jichoni yanaweza kulipofusha. Kama yamekurukia, jimwagie maji safi mengi, muda mrefu, halafu uende kwa mganga.

Kwanza: Chekecha majivu makavu, toa makaa na mawe.

Pili: Chukua ndoo ya zamani ya plastiki, toboa matundu madogo chini. Tandika majani makavu ndani, kisha ujaze majivu. Weka ndoo hii juu ya chombo kingine.

Tatu: Mwaga maji ya mvua polepole juu ya majivu. Maji yatatoka chini yenye rangi ya chai. Yapitishe tena katika majivu mapya mpaka yawe makali. Zamani wazee waliyapima kwa yai bichi: yai likizama, maji ni zaifu, likielea na kuonyesha kipande kidogo juu, yanafaa. Yai lile halitaliwa tena.

Nne: Pika maji haya katika chungu cha udongo au cha chuma. Usitumie kamwe sufuria ya aluminiumu, kwa sababu maji haya yanaila na kuitoboa.

Tano: Pasha moto mafuta ya mawese katika chombo kingine. Mimina maji makali ndani yake kidogo kidogo, huku ukikoroga kwa mwiko wa mti. Moto uwe mdogo. Endelea mpaka uji uwe mzito, na mafuta yasionekane tena juu.

Sita: Sabuni ya majivu ni laini kama bugali. Ukitaka iwe ngumu kidogo, tia chumvi ya kula mwishoni, koroga, acha ipoe. Sabuni itapanda juu, maji machafu yatabaki chini.

Saba: Weka sabuni mahali penye hewa majuma matatu au manne. Kisha mtu mkubwa ajaribu kipande kidogo mkononi. Kama kinachoma, sabuni irudishwe motoni na kuongezwa mafuta.

Wengine hutumia soda kali ya dukani mahali pa majivu. Sabuni yake ni ngumu na nzuri, lakini soda ile ni hatari zaidi. Inataka mizani, glavu na mtu aliyefundishwa. Isiwekwe kamwe katika chupa ya maji ya kunywa.

4. Hesabu ya mama

Tuseme nyumba moja inatumia vipande 2 vya sabuni kila juma, na kipande ni franka 1000. Kwa majuma 3 watalipa franka 6000.

Sasa tuseme wanapika wenyewe. Mafuta lita 1 ni franka 3000, chumvi franka 200. Majivu na maji ya mvua hayana bei, kuni wameokota. Jumla ni franka 3200. Sabuni hii inatosha majuma 3. Kilichobaki ni 6000 kutoa 3200, yaani franka 2800. Wakifanya hivyo mara 17 katika mwaka, watabakiza franka 47 600.

Bei hizi ni za mfano tu. Bei za soko hubadilika. Kwa hiyo mama mwenye akili hupiga hesabu kila mara. Kama mafuta yamepanda sana, au kama ni lazima kununua kuni, pengine sabuni ya dukani ni rahisi kuliko ya nyumbani. Na kama mafuta hayatoshi chakula, yasigeuzwe sabuni: watoto wale kwanza.

5. Feza iliyobaki ikae wapi?

Feza isiyo na mahali hutoka bila kuaga. Mjane wetu alichukua mkebe mtupu wa maziwa, akatoboa mdomo mwembamba juu, akaupa kazi moja: daftari, kalamu na nguo za shule. Masomo ya msingi katika shule za Serikali ni bure tangu mwaka wa 2019, lakini daftari hazianguki kutoka mbinguni.

Tena aliingia likelemba pamoja na mama tisa wa soko. Kila juma kila mmoja alitoa franka 2000. Zote pamoja ni franka 20 000, na mmoja alizichukua kwa zamu. Likelemba haizai feza: unapokea kadiri ulivyotoa. Faida yake ni kwamba feza kidogo kidogo inakuja mara moja, ikiwa nyingi ya kufanyia kazi. Hatari yake ni mtu anayepokea kwanza, kisha anaacha kutoa. Basi chagueni watu waaminifu, na kila malipo yaandikwe katika daftari mbele ya wote.

Zamu ya mjane ilipofika, alinunua ndoo ya maji yenye bomba na mfuniko. Aliiweka mlangoni mwa choo, na kando yake kipande cha sabuni ya kahawia. Wenzake yule kijana walipofika kucheza, walikiona kipande kile. Mmoja akacheka. Kijana akamwambia: « Nawa kwanza, ndipo ucheke. »

Haba na haba hujaza kibaba.

Maneno
Ndagala: samaki wadogo wa ziwa Tanganika.
Tate: mama wa mama au wa baba.
Likelemba: watu wanaotoa feza sawasawa na kuipokea kwa zamu.
Vikonyo vya ngazi: sehemu za mkungu zinazobaki baada ya kutoa mbegu.

Maulizo
1. Kwa sababu gani maji matupu hayaondoi mafuta mikononi?
2. Majivu gani yanafaa? Majivu gani hayafai?
3. Kwa sababu gani tusipike maji ya majivu katika sufuria ya aluminiumu?
4. Mtu akirukiwa na maji makali, afanye nini?
5. Katika likelemba ya watu 8, kila mmoja anatoa franka 1500 kila juma. Mwenye zamu anapokea franka ngapi? Zamu zote zinakwisha kwa majuma mangapi?
6. Uliza nyumbani bei ya sabuni, ya mafuta na ya chumvi. Fanya tena hesabu ya mama kwa bei za soko lenu. Je, kupika sabuni kunaleta faida kwenu?