Dondoo muhimu: Barua za askari kutoka vitani
Kama babu alipigana Burma na KAR (King's African Rifles) mwaka 1944, au baba alikwenda Vita vya Kagera mwaka 1978, ziokoe sasa barua alizotuma nyumbani, kabla mchwa hawajazimaliza.

1. Nawa mikono na uikaushe kabisa kabla ya kuzigusa.

2. Usizipige laminesheni wala kuzibandika selotepu. Ni kosa baya kuliko yote, maana hufanywa kwa nia njema na halirekebishiki.

3. Toa pini na klipu taratibu: kutu hula karatasi.

4. Usitupe bahasha. Mhuri wa posta, alama ya mkaguzi wa barua wa jeshi na namba ya kikosi hudokeza alikokuwa askari, jambo ambalo mara nyingi alikatazwa kuliandika.

5. Zikunjue barua, uzilaze kwenye boksi safi la karatasi. Mfuko wa nailoni hufuga unyevu.

6. Boksi lisikae sakafuni wala darini chini ya bati.

7. Piga picha kila ukurasa, mbele na nyuma, kwa mwanga wa dirishani, bila flashi.

8. Muulize bibi leo hii waliotajwa kwenye barua ni akina nani, uandike majibu kwenye karatasi ya pembeni.

9. Msigawane barua kama urithi. Zikitawanyika, mfululizo hupotea.

10. Familia ikiafiki kuzikabidhi zihifadhiwe, zungumzeni na Nyaraka za Taifa, Tanzania au Kenya, au maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

11. Msikabidhi bila maandishi yanayosema nani ataruhusiwa kuzisoma.