Muhasaba wa Wenye Mamlaka: Mfano wa Kibwezi

Watu wetu wa pwani wana mazoea ya kunung'unika barazani. Barabara ikiharibika, twamlaumu gavana. Mfereji ukikauka, twamlaumu gavana. Kisha kahawa huisha, kila mtu akaenda zake. Manung'uniko hayo, hata yakiwa ya haki, hayamlazimishi mtu kujibu. Linalomlazimisha ni swali linaloulizwa mahali panapostahiki, na mwenye haki ya kuuliza, hali hati ziko mbele yake. Hilo ndilo somo letu la leo. Mfano wetu tumeutwaa Kibwezi, mji ambao wasafiri wa baina ya Mombasa na Nairobi huupita kila siku, kwa gari na kwa reli, wasiulize mambo yake yaendeshwaje.

Kibwezi imo katika kaunti ya Makueni. Kaunti hiyo ina wadi 30, na 10 katika hizo zimo katika majimbo mawili ya Kibwezi Mashariki na Kibwezi Magharibi. Wawakilishi wa wadi zote hukutana Wote, makao makuu ya kaunti. Kazi zao ni tatu: kutunga sheria, kuwasemea watu waliowachagua, na kuwachunguza wale wanaokata shauri na kutumia fedha. Hii ya tatu ndiyo iliyosahauliwa na wengi.

Nguvu za kazi hiyo zimo katika Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 185 kimelipa bunge la kaunti haki ya kuwasimamia watendaji wa kaunti. Kifungu cha 195 kimelipa bunge na kamati zake uwezo wa kumwita mtu yeyote atoe ushahidi au alete hati, kwa nguvu kama zile za Mahakama Kuu. Kifungu cha 229 chamtaka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu atoe ripoti yake katika miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kwisha, nao huisha Juni 30. Na bunge likisha kuipokea, lina miezi 3 ya kuijadili na kuchukua hatua. Na kifungu cha 226 chasema kuwa mwenye cheo aliyeidhinisha fedha za umma zitumiwe kinyume cha sheria ni juu yake kuilipa hasara, akiwa bado kazini au amekwisha kuondoka.

Sasa natuseme, kwa njia ya mfano tu, kuwa kisima kimechimbwa katika kijiji kimoja cha Kibwezi, nchi ambayo mvua yake ni haba. Vitabu vyasema kazi imekwisha na fedha zimelipwa. Kijijini hapana hata tone. Kamati isiyoijua kazi yake itauliza: “Mbona mmewadhulumu watu?” Mkubwa atajibu kwa hotuba, na habari itaishia hapo. Kamati iijuayo kazi yake itakwenda hatua kwa hatua. Ni nani aliyepachagua mahali hapa? Ni nani aliyepewa zabuni, na wenzake walitaka bei gani? Ni nani aliyetia sahihi kwamba kazi imekamilika, na siku gani? Fedha zilitoka kabla ya sahihi hiyo au baada yake? Kwa kila swali hutakiwa hati, na kwa kila hati hutakiwa mtu. Mwisho hupatikana jina. Na jina likipatikana, hapana tena maficho ya kusema “serikali ndiyo iliyofanya”. Kisha kamati huandika ripoti, bunge likaiamua, na baadaye yapasa kuulizwa tena: Yaliyoamuliwa yametekelezwa?

Uchunguzi huu una maradhi mawili. La kwanza ni kunyamazishwa, kwani mchunguzi alaye sahani moja na mchunguzwa hawezi kumuuliza neno. La pili ni uchunguzi kugeuzwa ugomvi wa madaraka. Mwaka 2014 gavana wa Makueni, Kivutha Kibwana, na bunge la kaunti walizozana juu ya bajeti hata kazi zikakwama. Mwezi wa Septemba risasi zililia penye bunge huko Wote, na watu wakajeruhiwa. Likapelekwa ombi la kuisimamisha serikali nzima ya kaunti. Tume iliyoongozwa na wakili Mohammed Nyaoga ikapendekeza isimamishwe, lakini mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta akakataa. Kile kifungu cha 185 kimekwisha kuweka mpaka: bunge lisimamie, lakini liheshimu mgawanyo wa madaraka. Mwenye kukagua mizani hauzi sukari.

Katika utawala huo huo wa Kibwana, uliokwisha mwaka 2022, Makueni ilipata sifa kwa jambo jingine. Miradi iliundiwa kamati za wanakijiji waliochaguliwa na wenzao, waitazame kazi ikifanywa, waikubali au waikatae kabla ya mkandarasi kulipwa. Kamati ya bunge huja baada ya fedha kutoka, na mwanakijiji yuko hapo zikiwa bado hazijatoka. Hivyo kila mmoja amhitaji mwenziwe.

Na sisi je? Mombasa nayo ina wadi 30, kama Makueni. Kifungu cha 196 chaamrisha vikao vya bunge na vya kamati zake viwe wazi kwa watu, na kifungu cha 35 champa kila raia haki ya kupata habari zilizoko serikalini. Basi twawanasihi ndugu zetu: mjueni mwakilishi wenu yumo katika kamati gani, itafuteni ripoti ya Mkaguzi inayohusu kaunti yenu, nendeni kikaoni, mkae, msikilize, na mkirudi, muulizeni ni swali gani aliloliuliza kwa ajili yenu. Wala tusisahau mwanzo wa jambo hili. Mwenye kuiuza kura yake kwa leso na pakiti ya unga amemuuza mchunguzi wake kabla hajaanza kazi, na aliyemnunua hatakubali kuulizwa.