Mwamuzi na Mchezaji: Heshima ni ya Pande Mbili

Jua linapopunguza ukali wake siku ya Jumapili, vijana wa vijiji vyetu hukusanyika kiwanjani kucheza mpira. Ndivyo ilivyo Kabasa, upande wa Bunda, na ndivyo ilivyo kote nchini. Filimbi hupewa mtu mmoja, mara nyingi jirani wa wachezaji wenyewe. Akiipuliza, hawa humsifu na wale humtukana. Yafaa basi tujiulize: mwamuzi anadaiwa nini, naye anatudai nini?

Sheria ya 5 ya mchezo huu yasema kwamba uamuzi wa refa juu ya mambo ya mchezo ni wa mwisho. Si kwa sababu refa hakosei, bali kwa sababu mchezo wenye waamuzi 22 hauwezi kufika mwisho wake. Hata hivyo, sheria hiyohiyo yamruhusu kubadili uamuzi wake akitambua kosa, au akishauriwa na msaidizi wake, maadamu mchezo haujaanzishwa tena. Amepewa mamlaka, na pamoja nayo ameachiwa mlango wa unyenyekevu. Refa aonaye haya kupita mlango huo hailindi sheria. Analinda jina lake tu.

Twakumbuka tarehe 1 Oktoba 2016, Simba na Yanga walipotoka sare ya bao 1 kwa 1 katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Simba walilalamika kwamba Amissi Tambwe wa Yanga aliugusa mpira kwa mkono kabla ya kufunga. Katika vurugu hizo nahodha wao, Jonas Mkude, alitolewa kwa kadi nyekundu, na baadhi ya watazamaji wakang'oa viti vya uwanja. Baadaye jambo lilichunguzwa, na kadi ile ikafutwa.

Somo ni wazi. Mchezaji alirudishiwa haki yake mezani, kwa uchunguzi. Viti vilivyong'olewa havikumrudishia hata dakika moja ya mchezo. Kosa la mwamuzi halimpi mtu ruhusa ya kutenda kosa la pili.

Katika mashindano ya mataifa ya Ulaya ya mwaka 2024, nahodha ndiye aliyepewa nafasi ya kumwendea refa na kuuliza sababu ya uamuzi; mchezaji mwingine aliyemzonga alistahili kadi ya njano. Refa naye alitazamiwa kumweleza nahodha. Utaratibu huo wafaa hata kiwanja cha kijiji, maana haugharimu hata senti. Mmoja auliza kwa adabu, mwingine ajibu bila kiburi, na mchezo waendelea.

Tena kijijini jambo hili lina uzito zaidi. Refa wa mji mkuu hupanda gari akaenda zake. Wa kijijini kesho atakutana na aliowaamua, kisimani, gulioni na kanisani. Tusi la leo laweza kuwa uadui wa miaka.

Wazazi, watoto wetu husikiliza maneno yetu kandokando ya mstari kuliko tunavyodhani. Anayemsikia baba yake akimtukana refa, kesho atamjibu vivyo hivyo mwalimu, na keshokutwa baba mwenyewe. Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Nasi twaongeza: asiyekubali kukosolewa si mwamuzi. Filimbi ya mwisho ikilia, wapeane mikono, na refa awe miongoni mwao.