Wajibu Wetu kwa Mgonjwa Asiyetarajiwa Kupona

Katika darasa letu la mwezi uliopita, tulipokwisha kusoma mlango wa janaza, ndugu mmoja alituuliza suala ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. Alisema: "Masheikh, mumetusomesha kumwosha maiti, kumkafini, kumsalia na kumzika. Lakini baba yangu yuko wodini mwezi wa pili sasa, na daktari ameniambia hakuna tena dawa ya kumponya. Yu hai bado. Jee, wajibu wetu kwake ni nini?"

Haya ndiyo majibu yetu, na twamtaka radhi kwa kukawia.

Kwanza hatuna budi kukiri aibu yetu. Mwislamu akifa katika mji wetu, haupiti muda ila sanda imepatikana, kaburi limechimbwa, na safu za watu zimesimama kumsalia. Hiyo ni sifa njema, na Mwenyezi Mungu atuzidishie. Kisha hufuata masufuria ya pilau ya khitima, na hapo mifuko hufunguka bila ya kuombwa. Lakini maiti huyo huyo, juma moja kabla, alikuwa akiuma shuka kwa maumivu, na mwanawe akizunguka mjini kutafuta shilingi za dawa. Ni nani katika sisi aliyefungua mfuko siku ile?

Baadhi yetu tulikwenda kuzuru hospitali moja ya hapa pwani ili tujionee. Tulimkuta mzee mwenye saratani ya koo, hawezi kulala chali wala ubavu, naye amepewa tembe mbili za panadoli. Tulipouliza kama hakuna dawa yenye nguvu zaidi, tuliambiwa ipo kabatini, ila mwenye ufunguo hatarudi mpaka Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Wauguzi hatuwalaumu, kwani walikuwa wawili kwa wodi nzima, na mmoja wao alikuwa akilia.

Dawa hiyo ni mofini. Yule wa kunywa hutengenezwa kwa unga wake kuchanganywa na maji, bei yake si kubwa, na mgonjwa hupewa kwa kipimo kila baada ya saa nne, bila ya kungojea maumivu yarudi. Hufunga choo, kwa hivyo hupewa pamoja na dawa ya kulainisha tumbo. Shirika la Afya Duniani liliweka tangu 1986 utaratibu wa kupanda daraja kwa daraja: kuanza na dawa nyepesi, na kuishia kwa mofini pale nyepesi ziliposhindwa. Basi si elimu ngeni. Hata hivyo, uchunguzi wa shirika la Human Rights Watch uliotolewa 2010 ulikuta kwamba katika hospitali za serikali zipatazo 250 hapa Kenya, zilizokuwa na mofini zilikuwa 7 tu.

Wako ndugu watakaotuambia kuwa mofini ni kasumba, na kasumba ni haramu. Hofu yao twaifahamu. Mji uliokwisha kuzika vijana wake kwa sababu ya unga hauwezi kulisikia jina la mmea ule bila ya kushtuka. Lakini anayetafuta kulewa na anayetafuta kupumzika na adhabu ya saratani hawako katika hukumu moja. Kanuni ya mafakihi juu ya dharura ni mashuhuri hata kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza: dharura huhalalisha kilichokatazwa, kwa kadiri ya haja yake. Na mgonjwa anayepimiwa na daktari mwaminifu ni nadra kuwa mtumwa wa dawa. Wengine huogopa kuwa itamharakisha kufa. La. Kumfisha mtu kusudi ni haramu, nasi hatulizungumzi hilo. Mofini iliyopimwa vyema huondoa maumivu, haiondoi roho. Usingizi wa siku za mwanzo nao aghalabu hupungua. Mwenye kuhofia kuwa baba yake ataikosa kalima na amwulize mtu aliyewahi kuumwa sana: maumivu yaliwahi kumwachia nafasi ya kumkumbuka Mola wake?

Jambo la pili ni zito zaidi kwetu kuliko dawa, nalo ni uongo. Daktari humwita mtoto pembeni, mtoto humficha mama, mama humficha mgonjwa, na mgonjwa, ambaye mwili ni wake na ameshajua, huwaficha wote. Hivyo mtu huondoka na deni asilolitaja na amana asiyoirudisha. Twasema ati twamhurumia. Na Saad bin Abi Wakkas je? Aliugua Makka hata akadhani amefikia mwisho, Mtume s.a.w. akaja kumtazama, wakazungumza waziwazi habari ya mali yake na wosia, na hapo ndipo tulipoipata hukumu ya thuluthi. Maneno yale hayakumwua Saad. Aliishi miaka mingi baadaye, akaongoza jeshi la Kadisiya. Lakini pia si adabu kumrushia mgonjwa habari kama jiwe. Aulizwe kwanza: "Baba, wataka kujua nini juu ya maradhi yako?" Kisha asikilizwe. Akitaka kunyamaza, hiyo ni haki yake.

Waliotutangulia katika kazi hii wako wengi. London, Cicely Saunders alifungua nyumba ya St Christopher's 1967, na kutoka huko mwendo huu ukaenea. Nairobi Hospice ilianza 1990. Uganda, Dakta Anne Merriman alianzisha Hospice Africa 1993, na mofini ya kunywa ikawafikia wagonjwa majumbani mwao. Mombasa nako kukapatikana hospisi, na jumuiya ya kuziunganisha hospisi za Kenya ikaundwa 2005, ikaanza kuwafundisha madaktari na wauguzi wa hospitali za serikali.

Lakini mfano uliotuchoma ni wa Malabar, kule majahazi yetu yalikotolewa mbao za msaji. Madaktari wa Calicut waliunda jumuiya yao 1993. Baadaye katika wilaya ya Malappuram, ambayo wengi wa watu wake ni Waislamu, raia wenyewe, wenye maduka, walimu na wake wa nyumbani, waliichukua kazi ile mikononi. Hakutakiwa daktari. Alitakiwa mtu awezaye kutoa saa mbili kwa wiki na kukubali kufundishwa. Pesa zilichangwa kidogo kidogo na majirani, na serikali ya Kerala ikaiweka kazi hiyo katika siasa yake ya afya 2008.

Saa mbili kwa wiki! Sisi huzimaliza barazani kwa kahawa moja.

Kwa hivyo tumewaandikia wakubwa wa hospitali kuomba ruhusa ya watu wanane, wanaume wanne na wanawake wanne, wafundishwe na wauguzi wa hospisi. Kazi yao ni kukaa na asiye na jamaa, kumgeuza asiyeweza kugeuka, kumtayamamisha anayetaka kuswali na kumweleza kuwa aswali ameketi au kwa ubavu, kumwandikia wosia wake, na kuuliza kila Alkhamisi, kabla ofisi hazijafungwa, ufunguo wa kabati uko kwa nani. Hirizi na makombe hawatabeba. Asiye Mwislamu aliye kitanda cha pili atahudumiwa vile vile, na hapana mtu atakayehubiriwa.

Ama mzee wa ndugu yetu, alitaka mwenyewe kuambiwa, akaambiwa. Alitaja madeni matatu, moja la 1987, na mashahidi wawili wakatia sahihi wosia wake. Sasa apewa mofini kila saa nne. Juzi aliomba dafu, akalinywa nusu.