Saa za Wauguzi Ukutani

Swali: Nyumba za kutunzia wazee Marekani hutangaza nini kila siku kuhusu wauguzi wake?

Jibu: Nyumba zinazolipwa na Medicare au Medicaid, mipango ya bima ya afya ya serikali, hubandika tangazo mwanzoni mwa kila zamu, mahali wakazi na wageni wanapoliona bila taabu. Huandikwa jina la nyumba, tarehe, idadi ya wakazi, pamoja na idadi na saa za wauguzi wa kila ngazi wanaohudumia wakazi moja kwa moja. Zinazohesabiwa ni saa zilizofanyiwa kazi kweli. Asipofika mtu, tangazo hurekebishwa. Kunakili ratiba tu, kosa lililo rahisi mno, hakutoshi. Kumbukumbu hutunzwa angalau miezi 18. Tangu 2016 saa hupelekwa pia serikalini kila robo mwaka, kutokana na orodha ya mishahara, ambayo ni vigumu zaidi kuipamba.