Boriti, Taruma na Bati: Istilahi za Kiunzi cha Chuma Chepesi katika Mwanga wa Ujenzi wa Lamu

Wahandisi wa majengo wanayo mbinu ya ujenzi ambayo Kiswahili bado hakijaipa jina lililotulia. Bamba la chuma lililopakwa zinki hukunjwa likiwa baridi, bila ya kutiwa motoni, hadi likapata umbo la mfereji au la herufi C. Unene wake mara nyingi ni kama milimita 1 tu. Vipande hivyo husimamishwa wima kwa kuachana sentimita 40 au 60, vikafungwa kwa parafujo juu na chini, kisha vikavikwa vibao vya jasi au vya saruji. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maneno ya kuielezea mbinu hii tunayo tayari katika visiwa vya Lamu, ila si mahali tunapoyatafuta kwanza.

Mahali pa kwanza ambapo mwanafunzi wa Kiswahili angeyatafuta ni nyumba ya mawe ya mji wa Lamu, mji ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Msamiati wake ni tajiri. Miti ya mikoko inayokatwa katika visiwa hivi hupangwa kwa unene, na kila unene una jina lake: fito ndiyo nyembamba kuliko zote, kisha pau, kisha mazio, kisha boriti, kisha nguzo. Huo ni mfumo kamili wa vipimo uliomo ndani ya lugha yenyewe. Anayesema "niletee mazio" ameshataja ukubwa wa mti bila ya kushika futi.

Boriti, zaidi ya hayo, ndiyo iliyoamua umbo la nyumba. Kwa kuwa haiwezi kubeba dari nzito ya mawe na chokaa kwa urefu mkubwa, upana wa vyumba vya kale vya Lamu hauzidi mita 3 hivi. Chumba kikitaka kukua, hukua kwa urefu tu. Ndiyo sababu tunakuta msana wa tini, msana wa yuu na ndani vikifuatana kama safu, chembamba nyuma ya chembamba, hadi kwenye ukuta wa zidaka. Msomaji wa Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anayeyatazama magofu ya Pate kupitia utenzi ule bila ya kujua hili huziwazia nyumba zile kuwa kumbi pana za kifalme. Fahari yake haikuwa upana. Ilikuwa kina, na kazi ya mikono iliyochongwa katika chokaa.

Chuma kilipoingia pwani, kikomo hicho kilivunjika. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883 wakati wa Sayyid Barghash, ilisimamishiwa nguzo za chuma cha kalibu, na baraza zake zikawa pana kuliko boriti ingeweza kuruhusu. Hata hivyo chuma kile kilikuwa kizito, na neno nguzo lilikitosha bila ya taabu. Chuma chepesi ni jambo jingine, na hapa ndipo mfasiri anapojikwaa.

Tukikiita kipande chembamba cha wima "nguzo", tumepotosha. Nguzo husimama peke yake ikabeba. Iking'olewa, paa linashuka. Kipande cha bati la milimita 1 hakiwezi kubeba hivyo. Nguvu yake inatokana na wenzake wa kulia na kushoto, na vibao vinavyokizuia kisipinde. Vivyo hivyo "ukuta". Ukuta wa Lamu una unene wa kama nusu mita, wenyewe ndio unaobeba, na fundi hutoboa humo tundu la bomba asijali. Fundi huyo akiambiwa kwamba hiki nacho ni ukuta, akakata kiunzi kilichomo ndani ili kupitisha bomba lake, kosa la tafsiri litakuwa limegeuka kosa la ujenzi. Istilahi si pambo.

Kanuni tunayofundishwa darasani ni kwamba mwundaji wa istilahi aanze ndani ya Kiswahili na lahaja zake kabla ya kuvuka mipaka. Wengi wetu tunaikariri kanuni hiyo kisha tunakimbilia kutohoa. Mimi nami nilikuwa nimekwisha kuandika "stadi" katika daftari langu (neno ambalo tayari lina maana yake njema!) nilipomwonyesha picha ya kiunzi hiki mzee mmoja, fundi wa majahazi huko Matondoni. Aliitazama kwa muda mfupi tu.

"Mwanangu, haya ni mataruma," alisema. "Mmeyafanya ya bati."

Taruma ni ubavu wa chombo. Mataruma hupangwa kwa kufuatana toka tezi hadi omo, mbao zikashikizwa kwayo, na hakuna taruma moja linalodai kukibeba chombo peke yake. Maana hii inakikaa kiunzi cha chuma chepesi barabara. Hata neno kiunzi lenyewe linatokana na kuunda, kitenzi ambacho watu wa pwani hukitumia zaidi kwa vyombo kuliko kwa nyumba. Kwa hiyo nyumba ya aina hii haina budi kuelezwa kwa lugha ya gudi, si kwa lugha ya mwashi.

Tukikubali hilo, mengine hufuata. Kuvika vibao napendekeza tukuite kuwamba, kama ngoma inavyowambwa ngozi. Kukandika hakufai, maana ni kwa udongo. Kipande cha juu kinachounganisha vichwa vya mataruma ni mwamba, neno lililomo tayari katika nyumba ya makuti. Ukanda wa kukaza unaokwenda pembe kwa pembe ni mshazari.

Lugha ya baharini inatukumbusha jambo jingine ambalo vitabu vya uhandisi vya bara huweza kulipita haraka: chumvi. Mkoko umekulia ndani yake. Zinki hulikinga bati, lakini pale bati linapokatwa au kukwaruzwa kinga hupungua, na upepo wa bahari haungoji. Kila mwenye paa la mabati visiwani anaujua upande unaoanza kula kutu.

Limebaki neno la kipande cha chini, ambamo mataruma husimikwa. Nilimtajia mzee "mkuku", uti wa chombo, akakataa papo hapo: mkuku hubeba mataruma, na hiki hulala tu juu ya zege kikiyashika yasihame. Yeye alisema "kilalio". Nimekiandika hivyo, na wasomaji wenye neno bora zaidi kutoka Siyu, Faza au Kiwayu wanaombwa walilete.